Kitereza au Iliffe kwanza? Kitabu kimoja kwa mpenda majengo, historia na sanaa wa Kanda ya Ziwa

Mpwa wangu amechaguliwa Chuo Kikuu Ardhi, usanifu majengo. Ndugu walimchangia, akanunua godoro, sanduku la chuma, rula ya T na pasi, akabakiwa na hela ya kitabu kimoja kinene, au viwili kama bahati itamkuta kwenye meza za mitumba. Jumamosi akapanda hadi kwangu Mabatini, hapa Mwanza, kwenye chumba ninachochorea ramani, akaniamkia, akaketi juu ya ndoo ya rangi kwa sababu kiti cha mgeni kimelaliwa na makaratasi ya wateja.

"Mjomba, nikinunua kimoja tu, kiwe kipi? Nataka cha majengo, ila kiwe na historia, na sanaa kidogo. Na kiwe cha kwetu."

Jibu nilikuwa nalo miaka mingi: Iliffe. Nikafungua mdomo kulitamka, macho yakaangukia rafuni, yakamwona Kitereza amelala kifudifudi, jalada lilishabanduka zamani, nikasita. Tukabishana mpaka jioni. Aliposhuka ngazi alikuwa na kitabu ambacho asubuhi ile nisingempa. Nayaandika tuliyolinganisha kwa sababu najua si yeye peke yake mwenye hela ya kitabu kimoja.

Niwataje wagombea. *A Modern History of Tanganyika* cha John Iliffe kilichapwa na Cambridge University Press mwaka 1979. Kinaanzia mwanzoni mwa karne ya 19 na kuishia kwenye uhuru. Kina kurasa zaidi ya 600 za maandishi madogo, na tanbihi zimejaa chini ya kila ukurasa kama siafu. Nakala yangu ilinyeshewa mwaka bati la chumba hiki lilipotoboka. Kurasa za katikati zimevimba, kitabu hakifungi tena, nakiwekea tofali juu. Bado nakitumia. Sijaona kingine kinachokupa Tanganyika nzima kwa mkono mmoja namna ile.

Mgombea wa pili ni *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali* cha Aniceti Kitereza. Madukani hupangwa na riwaya. Kitereza alizaliwa mwaka 1896, mtu wa Ukerewe, akasomeshwa na wamisionari seminari ya Rubya kule Bukoba, na mswada wake akaumaliza mwaka 1945 kwa Kikerewe. Nani achape kitabu kinene kwa lugha ya kisiwa kimoja? Hakuna aliyejitokeza. Miaka ya 1960 mzee akaketi tena, akakigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikakitoa mwaka 1980. Mwaka 1981 akafariki. Husimuliwa kwamba hakuwahi kuishika nakala iliyochapwa. Hesabu mwenyewe: miaka 35 tangu aweke kalamu chini hadi mashine ianze kupiga.

Kisa chenyewe unaweza kukisimulia kwenye daladala kabla hujafika Buzuruga. Mume na mke hawajajaliwa mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mke, wazazi wake wanakuja kumchukua, mume anakwenda ukweni kujieleza, anatozwa faini ya pombe ya ndizi, anarudi kuitengeneza, anamrudisha mkewe, wanahangaika na waganga, watoto wanapatikana. Kwisha. Lakini kisa ni kama kamba ya kuanikia nguo. Chenye thamani ni kilichoanikwa.

"Mjomba, hiyo ni hadithi," mpwa wangu akasema. "Mimi nataka kitabu cha majengo."

Basi tukaamua tuviulize vitabu vyote viwili maswali yaleyale.

Swali la kwanza: nyumba

Mtafute Iliffe kuhusu nyumba utachoka. Kuhusu makazi, lakini, yuko mbele ya wote. Anakueleza kwa nini watu walijenga pale walipojenga na kwa nini walihama. Sotoka ilipopita mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kuua ng'ombe, malisho yaliyokuwa yakiliwa yaliachwa, vichaka vikarudi, mbung'o wakafuata vichaka, na sehemu zilizokuwa na vijiji zikawa pori. Anayetoka Geita au Sengerema akisoma hapo ataona ramani ya kwao kwa jicho jingine. Mimi mwenyewe nilidhani pori ni pori tangu Mungu aumbe dunia. Kumbe mapori mengine yana umri mdogo kuliko babu zetu.

Kwa Kitereza unaingia ndani. Mgeni kafika: anapiga hodi wapi, anajibiwa na nani, anapewa kiti gani, salamu zinakwenda nusu ukurasa na hakuna anayeharakisha. Ghala liko wapi, zizi liko wapi, moto unakokwa wapi, mkwe anaketi upande gani asikutane ana kwa ana na mama mkwe. Haandiki "usanifu" hata mara moja. Anamfuata mtu akitembea uani kwake, nawe ukiwa na penseli unaweza kuchora.

Nikampa mpwa wangu mfano wa kazini. Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja wa Misungwi alikuja na kiwanja cha mita 20 kwa 30, nikamchorea nyumba ya kisasa: sebule, jiko, vyumba vitatu, choo cha ndani. Safi, vipimo vyote sawa. Akaitazama ramani muda mrefu, kisha akaweka kidole. "Kijana, mlango huu wa bafu unatazama kiti cha mgeni. Mkwe wangu akija, binti yangu atoke bafuni apite mbele yake?" Nikajitetea kwamba ndivyo tunavyochora. Akakunja karatasi, akaiacha mezani, akaondoka. Akarudi wiki ya pili na nilikuwa nimeuzungusha mlango. Mashaka ya mzee yule yote yamo kwa Kitereza, tena yameelezwa na mtu asiyekuona mshamba kwa kuuliza. Sikuyasoma popote pengine.

Kwa swali hili nilimpa Kitereza alama, na mpwa wangu akakubali kwa shingo upande.

Swali la pili: pamba, reli na mji

Hapa Kitereza hana la kusema, na si kosa lake. Dunia yake ni ya kabla ya wakoloni. Hakuna pamba, hakuna stesheni. Ukitaka kuelewa Mwanza hii ya maghala karibu na reli, ya maduka yenye baraza mtaa wa Makoroboi, ya nyumba ya Gunzert kule juu kilimani, utamhitaji mwanahistoria.

Mji ulianza kama kituo cha Wajerumani mwaka 1892. Theodor Gunzert alikuwa mkuu wa wilaya wakati wao. Waingereza wakaja, reli kutoka Tabora ikafika ziwani mwaka 1928, pamba ikapata njia ya kwenda pwani, na mji ukageuza uso ukatazama stesheni. Iliffe ndiye anayekufungia uzi huo: bei, kodi, mazao, kazi, vyama vya wakulima. Ana sura moja ambayo mimi huwasomesha vijana wanaonifanyia kazi hata kama hawapendi, inayohusu namna makabila yalivyojengwa wakati wa ukoloni. Mtu wa huku hahitaji sana kubishana naye. *Sukuma* ni kaskazini, *dakama* ni kusini. Mtu wa Tabora alituita wa kaskazini, nasi tulipotazama upande wake tukamwita wa kusini. Upande wa dira ukawa jina, jina likawa kabila lenye makao makuu na viti vya mkutano.

Lakini Iliffe anaitazama nchi nzima, kwa hiyo Kanda ya Ziwa inapita haraka haraka, unaiona dirishani kama Shinyanga usiku. Aliyeshuka akalala hapa ni Andrew Maguire, *Toward "Uhuru" in Tanzania*, Cambridge University Press, 1969. Kitabu kizima ni siasa za Usukuma. Shirikisho la watemi lenye makao Malya. Mpango wa maendeleo wa baada ya vita, na amri zake za matuta, kupunguza mifugo na kutozwa faini. Paul Bomani na vyama vya wakulima wa pamba waliochoka kupunjwa kwenye mizani, mpaka vikaungana mwaka 1955 kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, muungano uliokuja kutajwa miongoni mwa mikubwa kabisa Afrika. TANU kupigwa marufuku huku tangu 1954 hadi 1958. Vurugu za Geita mwaka huohuo wa 1958, watu walipokataa baraza la mchanganyiko wa rangi walilowekewa. Nilipokisoma nilimpigia simu baba, akaanza kunitajia vijiji.

Kwa hiyo kama swali lako ni siasa na uchumi wa hapa, usihangaike na Kitereza wala Iliffe, tafuta Maguire. Ubaya wake ni kwamba ni kigumu kupatikana, na ukikipata mtandaoni kutoka nje, gharama ya kukileta inaweza kumeza mifuko kadhaa ya saruji. Nakala yangu niliazimisha ofisi moja hapa mjini, nikaambiwa ni ya wiki mbili. Sasa ni mwaka wa tano na kila nikienda mtu aliyeichukua "yuko safari".

Kipo pia *A New History of Tanzania* cha Kimambo, Maddox na Nyanto, Mkuki na Nyota, 2017. Kwa mwanafunzi hiki ni chepesi kubeba na chepesi kusoma, kinavuka uhuru na kuja karibu na zama zetu, na kinapatikana Dar. Iliffe ni shimo refu zaidi. Hiki ni ndoo inayofika juu upesi. Kama una mtihani, chukua hiki. Mpwa wangu hana mtihani wa historia.

Swali la pili, Iliffe kashinda waziwazi. Sasa ni sare, moja kwa moja.

Swali la tatu: ngoma, sanamu na vyungu

Tulipofika hapa nikamwambia avae viatu, tukapanda daladala ya Kisesa. Kuna mambo huwezi kuyalinganisha ukiwa umeketi juu ya ndoo ya rangi.

Bujora, makumbusho ya Wasukuma, unaifahamu kama ulisoma shule huku. Ulipelekwa na mwalimu, ukala maandazi chini ya mti, ukakumbuka nyoka tu. Rudi ukiwa mtu mzima. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, ndiye aliyeanzisha kituo hiki, na kanisa lake limejengwa kwa umbo la msonge, madhabahu yakiwa na alama za utemi. Jengo linalotunza ngoma za watemi limepewa umbo la kiti cha enzi. Mpwa wangu alikaa chini ya paa la kanisa, kichwa kimeinama nyuma, akihesabu mbao zinavyokutana pale juu. Nilimwacha. Kwa mtu anayekwenda kusomea majengo, zile dakika ishirini zilikuwa na faida kuliko kitabu chochote ninachokitaja hapa.

Ngoma sasa. Wasukuma wamegawanyika Bagika na Bagalu kwa karne na zaidi, wakifuata waganga wawili wa kale, Ngika na Gumha, na kila mwaka msimu wa tamasha la Bulabo wanashindana mpaka vumbi linafunika watazamaji. Kitereza atakupa ngoma kama sehemu ya siku: watu wamelima, wamekunywa, wanacheza. Iliffe atakupa vyama vya ngoma kama dalili ya mabadiliko ya jamii. Anayekupa maneno yenyewe ni Frank Gunderson, *Sukuma Labor Songs from Western Tanzania*, Brill, 2010: nyimbo za kulima, za wapagazi, za wawinda nungunungu, za wacheza nyoka, Kisukuma chake kikiwa palepale na tafsiri. Mama yangu hajui Kiingereza, lakini nilimsomea upande wa Kisukuma, wimbo wa tatu akaupokea na kuumalizia kabla yangu. Bei ya kitabu hicho ni ya maktaba, siyo ya mtu. Umuulize mkutubi wa chuo.

Sanamu: Kiswahili cha mtaani kinasema kinyago ni cha Mmakonde, sisi wa ziwa tuna ng'ombe. *Shangaa: Art of Tanzania*, kilichohaririwa na Gary van Wyk na kutoka mwaka 2013 pamoja na maonyesho ya New York, kinafuta maneno hayo kwa picha. Sanaa ya bara imo, ya kwetu pia, na picha ni kubwa, unaona alama za patasi. Kinachokera ni kusoma vitu hivyo viko wapi leo. Makumbusho ya Ulaya, mikusanyo ya watu binafsi Marekani. Mpwa wangu akauliza kama kuna hata kimoja kilichobaki Nansio, mji wa Ukerewe. Aliyenunua *From Ritual to Modern Art* cha Ewel na Outwater, Mkuki na Nyota, 2001, kapata picha chache zaidi lakini kapata mjadala wa uchongaji wa Tanzania nzima kwa kitabu kilichochapwa hapahapa, na mkoba haukuumia sana.

Vyungu, mitumbwi, mitego, pombe? Hapo hakuna wa kumgusa Kitereza. Chukua ile faini ya ukweni. Mwandishi mwingine angeandika "akatengeneza pombe, akaipeleka". Kitereza haruki. Ndizi zinaivishwa, zinamenywa, zinakamuliwa kwa nyasi mpaka maji yatoke, unga wa mtama unaingia, inasubiriwa ichachuke, na wakati wote huo watu wanazungumza, wanataniana, wanalaumiana. Ni maelezo ya kazi yaliyoandikwa na mtu aliyeogopa kwamba mikono inayojua itakufa kabla ya kuandikwa. Alikuwa sahihi kuogopa. Nimeuliza vijana wawili wa Bukindo, Ukerewe, juu ya kukamua kwa nyasi. Mmoja alicheka, mwingine akasema wanatumia mashine.

Ambacho vyote viwili hawana

Hawana picha wala michoro, na mwanafunzi wa usanifu asiye na mchoro ni kama fundi asiye na timazi. Kwa hiyo tulivitazama viwili vingine, haraka.

*African Traditional Architecture* cha Susan Denyer, Heinemann, 1978, kinapita Afrika yote kikiwa na michoro na kikipanga nyumba kwa maumbo. Faida yake kwetu ni hii: kinakufundisha kuona tofauti uliyoizoea mpaka hukuiona. Msonge wa Wahaya ni nyasi tangu kileleni hadi chini, paa na ukuta kitu kimoja. Msonge wa Kisukuma una ukuta wake wa mviringo, na paa la pia linawekwa juu yake kama kofia. Mvua ya Bukoba si mvua ya Kwimba, na nyasi zinajua hilo. Lakini kitabu kinachopita bara zima hakiwezi kukaa Kwimba hata usiku mmoja.

*Zanzibar Stone Town: An Architectural Exploration* cha Abdul Sheriff, picha za Javed Jafferji, 1998, ni kizuri mno, na ndicho mpwa wangu alikitamani tangu mwanzo. Nisimlaumu. Kinaonyesha jinsi nyenzo inavyotawala umbo: boriti za mikoko zina urefu wake, basi vyumba vya nyumba za mawe vikawa virefu na vyembamba, kwani hakuna boriti ya kuvuka upana zaidi. Nikamwambia aje dirishani. Sisi hapa Mabatini jiwe halikatwi kama matumbawe. Jiwe ni kubwa kuliko nyumba. Linakuwa msingi, ukuta wa nyuma, mahali pa kuanikia dagaa. Jirani yangu chumba chake cha kulala kina jiwe kona moja limeingia hadi nusu, amelipaka chokaa na kuweka redio juu. Kitabu cha namna hiyo kuhusu vilima vya Mwanza nakisubiri, na kama kikichelewa sana huenda mtoto huyu akakiandika yeye. Kwa sasa, cha Unguja atakikuta Dar, atakisoma maktaba, na boti ya Unguja iko jirani. Asiwabebe watu wa pwani kutoka huku ziwani.

Lugha, jalada na mahali pa kusomea

Kuna jambo ambalo kwa kawaida watu hawaliweki kwenye ulinganisho, nalo ndilo lililoamua. Iliffe ni Kiingereza kizito. Mpwa wangu alifaulu Kiingereza vizuri. Nikampa ukurasa mmoja asome kwa sauti, akausoma bila kukwama, nikamuuliza unasema nini, akacheka. Atakielewa mwaka wa pili au wa tatu. Ukikinunua sasa kitakuwa cha kuegemeza mlango.

Kitereza ni Kiswahili, lakini nisikudanganye kwamba ni mteremko. Ni Kiswahili cha mzee wa Ukerewe, kina ladha ya Kikerewe, sentensi haziishi haraka, methali zinakuja mbili mbili. Asiye na subira atakitupa ukurasa wa arobaini. Tiba ninayoijua ni kukisoma kwa sauti, tena mbele ya mtu mzima. Mimi nilikimaliza kwenye meli ya Nansio, safari nne za kwenda na kurudi nilipokuwa na kazi kule. Safari ya pili mzee aliyeketi karibu na magunia ya mihogo akaniomba nipandishe sauti. Nikasoma sehemu ya salamu za ukweni. Akanikatiza: "Hapo amesahau kitu." Akanieleza alichosahau, wenzake wawili wakampinga, ubishi ukaendelea mpaka honi ya kuingia gatini. Sijui nani alishinda. Ninajua Iliffe hajawahi kunifanyia hivyo.

Anayetaka Kitereza kwa Kiingereza, kwa ajili ya rafiki mgeni au kwa kunukuu kwenye insha, kuna tafsiri ya Gabriel Ruhumbika, naye mzaliwa wa Ukerewe, Mkuki na Nyota, 2002. Na anayekiona Kitereza kitulivu mno, kana kwamba kisiwa kilikuwa kikilala, amtafute Gerald Hartwig, *The Art of Survival in East Africa*, 1976, anayesimulia Ukerewe ileile kati ya 1800 na 1895: pembe za ndovu, misafara, magonjwa yaliyokuja nayo na shutuma za uchawi zilizofuata magonjwa. Ukivisoma vikiwa jirani, ule uchungu wa mke asiyezaa na mume anayezunguka kwa waganga unapata uzito mwingine. Hartwig huyo ni miongoni mwa waliomhimiza mzee asiuache mswada wake.

Jalada, mwisho. Ukipata Kitereza cha zamani cha Tanzania Publishing House, kitazame mgongo kabla hujatoa hela. Gundi yake imekauka, kurasa hudondoka kwa mafungu. Changu nilikishona kwa sindano ya magunia na uzi wa nyavu, kutoka kwa fundi wa mwaloni Kirumba, akanitoza soda. Hadi leo hakijaachia ukurasa.

Tukarudi Mabatini jua limekaa juu ya Capri Point. Nikampigia hesabu kwa sauti. Wewe ni mwalimu wa historia: Iliffe, na ukibahatika Maguire. Wewe ni mwanafunzi wa sekondari: Kimambo na wenzake. Unataka zawadi ya kuweka sebuleni kwa mgeni wa heshima: Shangaa, kama una nafasi. Mtoto anayekwenda kuchora nyumba za watu ambao bado hajawauliza wanaketije: Kitereza.

"Na hela yangu?" akauliza.

Nikamwambia ainunulie seti ya kalamu za kuchorea, maana za Dar zinapanda bei chuo kikifunguliwa. Nikamfungia nakala yangu kwenye gazeti, ile iliyoshonwa kwa uzi wa nyavu. Desemba akirudi airudishe, na pembeni ya kila mahali Myombekere anapoingia ndani ya nyumba nataka nikute mchoro wa penseli, kipimo moja kwa mia.